Kipimo Kilichokawia Miaka Elfu Mbili

Hoja iliyowazuia watu wengi wenye akili kukubali kwamba Dunia inalizunguka Jua ilitoka kwenye jiometri, na ilikuwa hoja nzuri. Nyosha mkono, simamisha kidole mbele ya uso, kisha fumba jicho moja. Lifumbue huku ukifumba la pili. Kidole kitaonekana kuruka kutoka upande mmoja hadi mwingine mbele ya ukuta ulio nyuma yake. Kidole hakijasogea, kilichobadilika ni mahali unapotazamia. Wanafalaki huuita mruko huo paralaksi. Anayejua nafasi iliyo kati ya macho yake mawili, na akapima ukubwa wa mruko, anaweza kukokotoa umbali wa kidole bila kukigusa.

Sasa, ikiwa Dunia inalizunguka Jua, basi mwezi wa Januari tunazitazama nyota tukiwa upande mmoja wa Jua, na mwezi wa Julai tukiwa upande wa pili. Nyota zilizo karibu zingepaswa kuruka mbele ya zilizo mbali, mwaka hadi mwaka. Aristotle alilitambua jambo hilo katika karne ya 4 KK. Nyota hazionekani kuhama, akasema, kwa hiyo Dunia imetulia. Kwa mtu mwenye macho matupu hapakuwa na kosa katika kutazama kwake. Historia ya umbali wa nyota ni historia ya kuutafuta mruko huo mdogo, ya watu waliosadiki kwamba upo, na ya watu waliokuwa na haki ya kutosadiki.

Samos na Aleksandria

Mtu wa kwanza anayejulikana kuliweka Jua katikati ni Aristarchus wa Samos, aliyeishi karne ya 3 KK. Maandishi yake juu ya jambo hilo yamepotea; tunalijua kwa sababu Archimedes alilitaja katika kitabu chake cha kuhesabu punje za mchanga. Aristarchus alikuwa na jibu kwa hoja ya mruko: tufe la nyota ni kubwa mno hata njia nzima ya Dunia, ikilinganishwa nalo, ni kama nukta. Jibu hilo lilikuwa la kweli. Ila halikuwa na ushahidi wowote nyuma yake, na mtu anayeambiwa kwamba ushahidi haupo kwa sababu upo mbali sana ana kila sababu ya kuinua nyusi.

Kilichosalia cha Aristarchus ni kitabu kuhusu umbali wa Jua na Mwezi. Alifikiri hivi: Mwezi unapokuwa nusu kamili, Jua, Mwezi na Dunia hufanya pembetatu yenye pembe mraba pale ulipo Mwezi. Pima pembe kati ya Mwezi na Jua angani, na pembetatu yote imefunguka. Alichukua nyuzi 87, akapata kwamba Jua liko mbali mara 18 hadi 20 kuliko Mwezi. Pembe halisi inakaribia mno nyuzi 90, na Jua liko mbali karibu mara 400. Njia yake haikuwa na kasoro. Pembe ndiyo iliyomponza.

Wakati huohuo, au baadaye kidogo, Eratosthenes aliipima Dunia yenyewe akiwa Aleksandria, Misri. Alijua kwamba kule Syene, Aswan ya leo, siku ya kati ya majira ya joto jua la adhuhuri husimama utosini na kumulika hadi chini ya kisima. Aleksandria, saa hiyohiyo, kivuli kilionyesha pembe ya sehemu moja ya hamsini ya duara. Basi umbali kati ya miji hiyo miwili ukizidishwa mara hamsini ndio mzingo wa Dunia. Hipparchus naye, katika karne ya 2 KK, alitumia kupatwa kwa Jua kulikotazamwa kutoka mahali pawili ili kuupimia Mwezi, akafika karibu na ukweli: takribani nusu-vipenyo 60 vya Dunia.

Mwezi ulikuwa umepimika kwa sababu uko karibu. Kutoka hapo kwenda juu, ngazi ilikatika. Ptolemy, aliyefanya kazi Aleksandria katika karne ya 2 BK, aliijaza nafasi kwa dhana: matufe ya sayari yamepangwa moja juu ya jingine bila pengo. Alipomaliza kuyapanga, tufe la nyota lilikuwa umbali wa nusu-vipenyo 20,000 vya Dunia, yaani kama kilomita milioni 127 kwa vipimo vyetu. Jua halisi liko umbali wa kilomita milioni 150. Ulimwengu mzima wa Ptolemy, nyota zake zote zikiwemo, usingelifikia Jua.

Kutoka Baghdad hadi Dameski

Kipimo hicho cha nyota kilidumu. Al-Farghani alikirithisha kwa Kiarabu katika karne ya 9, na kupitia kwake kikasomwa Ulaya. Haina maana kwamba wanafalaki wa dola za Kiislamu walikaa wakinakili. Abd al-Rahman al-Sufi, mwaka 964, alizipitia nyota za Ptolemy moja baada ya nyingine, akarekebisha mahali na mng'ao wake, na akataja wingu dogo katika kundinyota la Andromeda ambalo tutalikuta tena mbele. Ibn al-Shatir, aliyekuwa mtunza saa za sala wa Msikiti wa Umawiyya huko Dameski katika karne ya 14, aliunda mfumo wa mwendo wa Mwezi ambao kijiometri ni uleule utakaotokea baadaye kwa Copernicus. Wanahistoria bado wanabishana ulifikaje huko.

Lakini umbali wa nyota haukumsumbua mtu sana, na sababu yake ni ya kawaida kabisa. Mtunza saa za sala alitaka kujua saa na kibla. Nahodha anayevuka kutoka Maskati hadi Malindi alitaka kujua nyota imeinuka kiasi gani juu ya upeo wa bahari. Ikiwa karibu au mbali, chombo hufika vilevile. Mwendo wa nyota ulikuwa na kazi. Umbali wake ulikuja kuwa na kazi pale tu mtu alipothubutu kuisogeza Dunia.

1543 hadi 1619: Dunia yaanza kusogea

Mtu huyo alikuwa Nicolaus Copernicus, kanoni wa kanisa kuu la Frombork huko Poland, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1543, mwaka aliofariki. Kwa hoja ya mruko alirudia jibu la Aristarchus: nyota ziko mbali mno. Mpinzani wake mkubwa hakuwa askofu. Alikuwa Tycho Brahe, Mdenmark, mpimaji bora kuliko wote waliotangulia darubini, aliyejengewa kwa fedha za mfalme kituo cha kutazamia anga katika kisiwa cha Hven.

Tycho alikuwa amekwisha kuonyesha nguvu ya paralaksi. Nyota mpya ilipowaka ghafla mwaka 1572, aliitafutia mruko usiku kucha na hakuuona, akahitimisha kwamba iko mbali kuliko Mwezi, katika mbingu ambazo watu waliamini hazibadiliki. Mwaka 1577 akafanya hivyohivyo kwa nyotamkia. Vifaa vyake vilipima hadi kama dakika moja ya tao, yaani sehemu moja ya sitini ya digrii. Alipogeukia nyota za kawaida, hakuona mruko wa mwaka. Akapiga hesabu: kama Copernicus yuko sahihi, nyota ziko mbali angalau mara 700 kuliko Zohali, sayari ya mwisho iliyojulikana. Na kwa kuwa nyota kubwa zilionekana kwa macho kuwa na upana wa kama dakika mbili za tao, kila mojawapo ingepaswa kuwa kubwa kama njia nzima ya Dunia. Nani angekubali nyota za ukubwa huo? Hakujua kwamba upana ule wa nyota ni udanganyifu wa jicho na hewa. Kwa ushahidi uliokuwepo mezani mwaka 1600, naona Tycho ndiye aliyekuwa na hoja yenye nguvu zaidi.

Vipimo vyake ndivyo vilivyomwangusha. Johannes Kepler alivirithi baada ya Tycho kufa mwaka 1601, akajaribu kuupatanisha mwendo wa Mirihi na duara. Tofauti iliyobaki ilikuwa dakika 8 tu za tao. Mtu mwingine angeipuuza. Kepler alijua Tycho hakosei kiasi hicho, akalitupa duara. Mwaka 1609 alitangaza kwamba sayari huenda kwa njia ya duaradufu, na huongeza kasi zikilikaribia Jua. Mwaka 1619 akaongeza kanuni ya tatu: mraba wa muda wa mzunguko wa sayari unalingana na mchemraba wa umbali wake kutoka kwenye Jua. Mshtarii huchukua karibu miaka 12. Kwa hiyo iko mbali mara 5.2 kuliko Dunia. Ghafla kulikuwa na ramani kamili ya sayari zote. Ilikosa kitu kimoja tu: kipimo cha ramani. Kila umbali ulijulikana kwa kuulinganisha na ule wa Dunia hadi Jua, na huo hakuna aliyeujua.

1672 hadi 1771: Kulipima Jua

Kuupata kulihitaji macho mawili yaliyoachana sana. Mwaka 1672, Mirihi ilipokuwa karibu na Dunia, Jean Richer aliipima akiwa Cayenne, Amerika ya Kusini, huku Giovanni Cassini akiipima kutoka Paris. Umbali wa Jua ukatoka karibu kilomita milioni 140. Nafasi ya kufanya vizuri zaidi ingekuja pale Zuhura itakapopita mbele ya uso wa Jua, jambo ambalo hutokea mara mbili tu katika zaidi ya karne nzima. Edmond Halley alieleza mwaka 1716 namna ya kuutumia mpito huo, akijua wazi kwamba yeye mwenyewe atakuwa kaburini.

Mipito ya 1761 na 1769 iliwatawanya wapimaji kote duniani. Charles Mason na Jeremiah Dixon walikuwa wakielekea Sumatra walipovamiwa na manowari ya Kifaransa. Wakachelewa, wakaishia Rasi ya Tumaini Jema, na vipimo vyao vikawa miongoni mwa vichache vyema kutoka kusini. Guillaume Le Gentil hakuwa na bahati hata hiyo. Aliondoka Ufaransa mwaka 1760 kwenda Pondicherry, akakuta mji umetekwa na Waingereza, na siku ya mpito alikuwa baharini, juu ya meli inayoyumba ambayo hakuna kifaa kinachoweza kupimia. Akaamua kuusubiri wa pili. Alikaa miaka minane upande huo wa dunia, kati ya Mauritius, Madagaska, Ufilipino na India, na asubuhi ya mpito wa 1769 wingu likafunika Jua la Pondicherry hadi mambo yakaisha. Alipofika kwao mwaka 1771 alikuta warithi wanagombea mali yake.

Mwaka huohuo Thomas Hornsby wa Oxford, kwa kujumlisha vipimo vya wenzake Le Gentil waliofanikiwa, alitoa umbali wa Jua unaopishana na wa leo kwa chini ya sehemu moja ya mia. Sasa msingi wa kupimia nyota ulikuwepo: kutoka Januari hadi Julai, Dunia huhama kilomita milioni 300.

1669 hadi 1803: Waliotafuta hiki wakapata kile

Utafutaji wa mruko wa nyota haukusubiri mipito hiyo. Robert Hooke, mwaka 1669, alitoboa paa na sakafu ya makazi yake London ili darubini ndefu iliyosimama wima itazame nyota moja, Gamma Draconis, inayopita karibu na utosi wa mji huo. Utosini hewa haipindi nuru, na hilo lilikuwa wazo la busara. Alidai ameona mruko. Alikuwa na vipimo vichache mno, na hakuaminiwa.

Mwaka 1725 Samuel Molyneux na James Bradley waliirudia nyota ileile kwa chombo bora zaidi. Nyota ikasogea kweli, tena kwa kiasi kikubwa, karibu sekunde 20 za tao kila upande. Tatizo ni kwamba ilisogea kwa majira yasiyo yake: ilifika mwisho wa safari yake miezi mitatu nje ya wakati ambao paralaksi ingedai. Tena nyota zote alizozipima Bradley zilifanya vivyo hivyo, za mng'ao mkubwa na mdogo. Inasimuliwa kwamba alipata jibu akiwa ndani ya mashua katika mto Thames, alipoona kibendera cha mlingotini kikigeuka kila mashua ilipobadili mwelekeo, ingawa upepo wenyewe haukubadilika. Nuru ina mwendo, Dunia ina mwendo, na mwelekeo tunaoiona nuru ikitokea ni matokeo ya miendo hiyo miwili. Ripoti yake ya mwaka 1729 ndiyo uthibitisho wa kwanza wa moja kwa moja kwamba Dunia inasafiri angani. Ulikuja kutoka mlango ambao hakuna aliyekuwa akiuchungulia.

Bradley aliendelea kupima kwa miaka karibu ishirini, akagundua pia kwamba mhimili wa Dunia huyumba kidogo kwa kipindi cha miaka 18.6 kwa sababu ya Mwezi. Paralaksi hakuipata. Lakini alijua kiasi cha usahihi wake, akasema kwamba kama mruko wa nyota zake ungefika sekunde moja angeuona. Sekunde moja ya tao ni sehemu moja ya 3,600 ya digrii; nyota yenye mruko wa kiasi hicho iko mbali mara 206,000 kuliko Jua. Nyota za Bradley, basi, zilikuwa mbali zaidi ya hapo. Kushindwa kwake kulikuwa na namba ndani yake, na namba hiyo ilikuwa na thamani kuliko madai ya wengi waliojiona wamefaulu.

Halley naye alikuwa ameleta msukosuko mwingine. Mwaka 1718 alilinganisha mahali pa nyota kadhaa na orodha za Wayunani, akaona Sirius, Arcturus na Aldebaran hazikuwa tena pale zilipoandikwa. Nyota zilizoitwa zisizohama zilikuwa zikihama, kila moja kwa njia yake, polepole mno kwa maisha ya mtu mmoja. Na William Herschel, aliyeanza kupima nyota pacha kwa ajili ya paralaksi, akidhani moja iko karibu na nyingine mbali nyuma yake, aligundua kufikia mwaka 1803 kwamba nyingi kati ya hizo ni pacha wa kweli, zinazozungukana. Mvutano wa Newton ulikuwa ukifanya kazi huko nje kama huku kwetu.

1832 hadi 1839: Watu watatu, nyota tatu

Mwanzoni mwa karne ya 19 madai ya paralaksi yalikuwa yameshatoka mengi na kuanguka mengi. John Brinkley wa Dublin alisema ameipata kwa nyota kadhaa. John Pond wa Greenwich akapima nyota hizohizo na kumkanusha. Hali hiyo ni muhimu kukumbukwa, kwani inaeleza woga wa mtu tutakayemfikia.

Swali lilikuwa: uichague nyota ipi? Friedrich Georg Wilhelm Struve, huko Dorpat, Tartu ya leo nchini Estonia, alichagua Vega, kwa kuwa inang'aa sana na huenda ni jirani. Friedrich Wilhelm Bessel alichagua tofauti. Huyu alianza maisha kama karani mwanagenzi katika nyumba ya biashara mjini Bremen, akajifundisha hesabu usiku kwa sababu alitaka kujua meli huongozwaje, na hatimaye akapewa kituo cha Königsberg bila kuwahi kusoma chuo kikuu. Aliitazama 61 Cygni, nyota pacha hafifu ambayo jicho huiona kwa taabu. Giuseppe Piazzi wa Palermo alikuwa ameonyesha kwamba inahama zaidi ya sekunde 5 kwa mwaka, mwendo mkubwa kuliko wa nyota yoyote iliyojulikana wakati ule. Inayohama haraka, Bessel aliwaza, haina budi kuwa karibu.

Alikuwa na chombo ambacho wenzake hawakuwa nacho. Joseph von Fraunhofer wa Munich, fundi wa lenzi, alibuni darubini ambayo lenzi yake imekatwa nusu mbili zinazoteleza kando kwa kando. Ukizisogeza hadi taswira za nyota mbili zikutane, skrubu inakusomea pembe iliyo kati yake. Fraunhofer alifariki mwaka 1826 na chombo kikafika Königsberg mwaka 1829. Kuanzia Agosti 1837 Bessel aliipima 61 Cygni dhidi ya nyota mbili hafifu za jirani, usiku baada ya usiku, mara nyingi kila usiku, kwa mwaka mzima na zaidi. Mwezi wa Oktoba 1838 alimwandikia John Herschel, mwana wa William: mruko ni sekunde 0.314. Nyota iko mbali mara 657,700 kuliko Jua, na nuru yake husafiri zaidi ya miaka kumi kabla ya kutufikia. Kipimo cha leo ni sekunde 0.286, sawa na miakanuru 11.4.

Lakini namba ya kwanza iliyokaribia kuwa sahihi kwa nyota iliyo karibu zaidi ya hiyo ilikuwa imelala kwenye karatasi tangu miaka mitano nyuma, na ilitoka Afrika.

Thomas Henderson alikuwa Mskoti, mtoto wa Dundee, karani wa mawakili mwenye macho mabovu aliyependa hesabu za anga. Mwaka 1832 alipelekwa kuongoza kituo cha kifalme cha Rasi ya Tumaini Jema, karibu na Cape Town, baada ya mkuu wa kwanza, Fearon Fallows, kufariki akiwa kazini. Henderson aliichukia rasi hiyo, akaiita kinamasi cha huzuni, na baada ya miezi kumi na mitatu akajiuzulu. Katika muda huo mfupi alipima mahali pa nyota nyingi za kusini, ikiwemo Alpha Centauri, ambayo mabaharia wa Kiarabu waliijua kwa jina lililoingia Kiswahili kama Rijili Kantori. Haionekani kamwe kutoka Greenwich wala Königsberg. Mtu wa Dar es Salaam huiona bila shida jioni za Juni upande wa kusini, ikielekeza kwenye Msalaba wa Kusini pamoja na mwenzake Beta Centauri.

Hakuipima kwa kutafuta paralaksi. Karibu na kuondoka kwake, Manuel Johnson, aliyekuwa akitazama nyota kutoka kisiwa cha St Helena, alimjulisha kwamba nyota hiyo inahama haraka, zaidi ya sekunde 3 kwa mwaka. Henderson alipofika Uskoti akaifungua rejista yake, akapiga hesabu, na akakuta mruko unaokaribia sekunde nzima. Akasita. Duara la chombo chake la kusomea pembe lilijulikana kuwa na kasoro, na kila aliyedai paralaksi kabla yake alikuwa ameaibika. Akasubiri vipimo vya aina nyingine vilivyofanywa na msaidizi wake, William Meadows. Alipovipata na kuridhika, Bessel alikuwa ameshatangaza. Taarifa ya Henderson ilisomwa London mwanzoni mwa Januari 1839: sekunde 1.16. Thamani halisi ni 0.75.

Struve naye alipata kichekesho chake. Mwaka 1837, mbele ya wote wawili, alichapisha sekunde 0.125 kwa Vega, akisisitiza kwamba vipimo bado ni vichache. Alipoviongeza, jibu likapanda mara mbili, hadi 0.26, na watu wakaona kwamba huyu hana hakika. Leo tunajua Vega ina 0.13. Alikuwa amelishika jibu tangu mwanzo, akaliachia.

Medali ya dhahabu ya wanafalaki wa London alipewa Bessel mwaka 1841, na sioni dhuluma hapo. Henderson alikuwa na nyota iliyo karibu kuliko zote tatu na mruko mkubwa kuliko wote; Bessel alikuwa na vipimo ambavyo mtu mwenye shaka angeweza kuvikagua usiku mmoja mmoja, na shaka ndiyo iliyokuwa bidhaa tele ya wakati ule.

Rasi baada ya Henderson

Kituo alichokichukia kiliendelea kuwa dirisha la dunia kwa anga la kusini. Thomas Maclear, mrithi wake, aliithibitisha Alpha Centauri. David Gill, aliyekuja mwaka 1879, aliipima upya pamoja na William Elkin kwa chombo cha aina ya Bessel, wakafikia 0.75. Gill alikuwa ameshakaa Ascension mwaka 1877 akilipimia Jua kwa msaada wa Mirihi, na baadaye picha zilizopigwa Rasi, zikapimwa Uholanzi na Jacobus Kapteyn, zilitoa orodha ya nyota 454,875. Mwaka 1915 Robert Innes, akiwa Johannesburg, aligundua nyota hafifu nyekundu inayosafiri pamoja na Alpha Centauri. Iliitwa Proxima. Iko umbali wa miakanuru 4.24, na hadi sasa hakuna nyota nyingine iliyo karibu nasi zaidi yake, ukiliacha Jua.

Pamoja na bidii yote hiyo, mwaka 1900 nyota zenye paralaksi ya kuaminika zilikuwa chini ya mia moja. Hewa inayotetemeka juu ya darubini iliifunga njia.

1912 hadi 1952: Ngazi inaongezwa kidato

Njia ya kuruka ukuta huo ilipatikana na Henrietta Leavitt wa Harvard, aliyekuwa akihesabu nyota zinazobadili mng'ao katika picha zilizopigwa Arequipa, Peru. Mwaka 1912 alionyesha, kwa nyota 25 za Wingu Dogo la Magellan, kwamba nyota za aina ya kefeidi zikikawia zaidi kati ya kung'aa na kufifia, ndivyo mng'ao wake halisi ulivyo mkubwa. Basi hesabu siku za kupwita kwake na utajua taa ina nguvu gani. Linganisha na inavyoonekana, na utajua iko mbali kiasi gani. Kilichohitajika ni kuzipima kefeidi chache za karibu kwa njia nyingine ili kipimo chote kipate mguu wa kusimamia.

Oktoba 1923 Edwin Hubble, akitumia darubini ya Mount Wilson huko California, alikuta kefeidi ndani ya lile wingu dogo la al-Sufi. Akapata kama miakanuru 900,000, mbali kabisa nje ya Njia Nyeupe. Andromeda ilikuwa galaksi kamili. Namba yenyewe ilikuwa ndogo mno kwa kuwa mguu wa kusimamia ulikuwa dhaifu. Walter Baade alionyesha mwaka 1952 kwamba kuna kefeidi za aina mbili zilizochanganywa, na umbali wa galaksi zote ukaongezeka mara mbili kwa siku moja. Leo Andromeda inahesabiwa kuwa miakanuru milioni 2.5.

1989 na kuendelea: Juu ya hewa

Dawa ya hewa ilikuwa kuiacha chini. Satelaiti ya Ulaya iliyoitwa Hipparcos ilirushwa Agosti 1989, na ingawa injini ya kuipeleka kwenye obiti yake iligoma, ikabaki kwenye njia iliyopinda vibaya, ilizipima nyota 118,000 kwa usahihi wa takribani sehemu moja ya elfu ya sekunde. Orodha yake ilitoka mwaka 1997 na kuzua ugomvi juu ya nyota ambazo wakulima wa pwani yetu wamezitumia vizazi vingi kujua msimu: Kilimia. Hipparcos iliiweka umbali wa miakanuru 390 hivi. Njia nyingine zote zilisema zaidi ya 430. Kama satelaiti ilikuwa sahihi, nadharia ya jinsi nyota changa zinavyong'aa ilibidi ifumuliwe. Ubishi ulidumu karibu miaka ishirini.

Aliyeamua ni Gaia, chombo kilichorushwa Desemba 2013 na kuwekwa kilomita milioni 1.5 kutoka Duniani. Kilimia iko miakanuru 444 hivi. Hipparcos ilikuwa imekosea hapo. Gaia ilizima shughuli zake mwaka 2025, ikiwa imeorodhesha nyota zaidi ya bilioni moja pamoja na umbali na mwendo wake. Na ndani ya vipimo hivyo ulijitokeza tena ule mchezo wa nuru wa Bradley: Jua, likizunguka kitovu cha Njia Nyeupe, linapindisha njia yake polepole, na Gaia iliona kwazari, yaani vitovu ving'avu vya galaksi za mbali kabisa, zikionekana kuhama kwa sehemu 5 kati ya milioni za sekunde moja kwa mwaka kwa sababu hiyo.

Aprili 2020 wahusika wa chombo cha New Horizons, kilichokuwa kimeipita Pluto na kufika kilomita karibu bilioni 7 kutoka Duniani, walikiagiza kipige picha ya Proxima Centauri, nayo ikapigwa picha kutoka Duniani katika siku hizohizo. Mruko ulizidi sekunde 30 za tao. Picha mbili zikiwekwa kando kwa kando, mtu huuona kwa macho yake, bila hesabu yoyote.